Siku Utando Ulipokaa Juu ya Matundu

Sanduku la darubini lilipofika Port Reitz, mkuu wetu wa maabara alitoka nje mwenyewe kulipokea. Yeye si mtu wa kutoka nje. Ni mzee wa Kimvita, mpole wa maneno, na kwa desturi mambo humfuata mezani kwake. Siku ile alisimama juani akawaongoza wapagazi kwa mkono mpaka sanduku likapita mlangoni bila kugusa ukuta. Kisha akanigeukia.

"Haya, binti," akasema. "Mzigo wako huo."

Ulikuwa wangu kweli. Chuo nilikosomea ughaibuni kilikuwa kimepata darubini mpya, na mwalimu wangu wa huko akawashawishi wenzake watuazime ile ya zamani. Si darubini ya kuchungulia kwa jicho. Ina sindano nyembamba mno, na sindano hiyo hukipapasa kitu polepole kama asiyeona anavyopapasa uso wa mtu, halafu kompyuta ikachora kilichopapaswa. Sharti lao lilikuwa moja tu. Wangekuja kututembelea, na wakikuta darubini inafanya kazi waliyoikubali, ingebaki kwetu. Wasipokuta, ingefungwa tena kwenye sanduku lake na kurudi.

Kazi yenyewe niliyowaahidi ilikuwa kupima ngozi ya seli nyekundu za damu. Kila seli ya damu ni kifuko kidogo kilichojaa utomvu mwekundu, na kifuko chenyewe ni utando mwembamba usio na mfano wa kitu cha kushikika mkononi. Kwa mtu mwenye afya utando huo ni laini. Seli hujikunja, hupenya kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe, hutokea upande wa pili na kurudia umbo lake. Kwa mwenye ugonjwa wa selimundu, seli hupinda mfano wa mundu, hunyooka, hupinda tena, na kila mara utando unazidi kuchoka na kukakamaa. Nilitaka kujua unakakamaa kiasi gani. Na hilo hulijui mpaka uutandaze utando wenyewe, ushikwe pembeni, katikati usiegemee kitu, kisha uubonyeze uone unavyobonyea.

Ndiyo sababu ya vile visahani vya silikoni. Vilikuwa vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, vyeusi, vinavyong'aa kama kioo cha simu iliyozimwa, na vimetobolewa matundu membamba ambayo mamia kwa mamia yangeweza kujipanga kwenye upana wa unywele mmoja. Unakipaka kisahani gundi ya kimaabara, unadondosha juu yake seli zilizooshwa, unazingoja zitue na kushika. Halafu unachukua bomba la sindano lililojaa maji ya chumvi, unaliinamisha, unapiga mchirizi mmoja wa nguvu. Mchirizi ule unapasua seli kwa juu, unasomba utomvu wote, na kinachobaki juu ya kisahani ni ngozi ya chini peke yake, imetandazwa juu ya matundu kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Ughaibuni niliifanya kazi hii mpaka mikono yangu ikaizoea. Nilirudi nyumbani nikidhani nimerudi na mikono hiyo hiyo.

Sikuichagua kazi hii kwa bahati. Mdogo wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Likoni, amezaliwa na selimundu. Utoto wetu sisi wawili ulikwenda kwa kufuata magoti yake. Yakimuuma, hatuendi harusini. Yakitulia, nyumba nzima inacheka. Mama alikuwa akimkanda kwa mafuta ya uvuguvugu na kumwogesha maji ya moto hata katika joto la Januari, na mimi nikikaa kando nikishika mkono wake, nikijiuliza ni kitu gani hasa kilichomo ndani ya damu kinachoweza kumfanya mtoto alie vile. Nilipoanza kusoma mambo ya seli, niligundua kwamba swali langu la utotoni lilikuwa swali halali, na kwamba kuna watu duniani waliokuwa wakilipwa mshahara kuliuliza.

Basi tuliifungua darubini, tukaiweka kwenye meza nzito kuliko zote tulizokuwa nazo, tukaiwasha. Mwenzangu katika kazi hii alikuwa mtaalamu wa mitambo kutoka Kaloleni, mtu mrefu mwenye subira, ambaye mimi namwita kaka na yeye ananiita dada ingawa tumelingana umri. Aliiteremsha sindano juu ya kisahani kitupu, kisicho na seli wala chochote, ili tuone matundu yake tu. Kwenye kompyuta yakatokea mawimbi. Hapakuwa na tundu hata moja, ni mawimbi matupu, kama vile tunapima bahari.

Kaka alitazama mawimbi yale kwa muda, kisha akatazama dirishani. Nje ya ukuta wetu, malori ya makontena yalikuwa yamepanga foleni kuelekea bandarini, na kila moja liliposogea sakafu ilitetemeka kiasi ambacho sisi kwa miaka tulikuwa hatukihisi tena. Ndege iliyokuwa ikishuka uwanjani ikapita juu yetu, na mawimbi kwenye kompyuta yakapanda maradufu. Tulicheka, kwa sababu hatukuwa na la kufanya. Sindano ile huhisi mambo madogo kuliko upana wa tundu la kisahani, na sisi tulikuwa tumeiweka baina ya bandari na uwanja wa ndege.

Mkuu wetu alisema tuombe chumba chuoni upande wa Kisauni, ambako kumetulia zaidi. Mimi sikutaka. Kliniki ya selimundu iko karibu na sisi, na damu haipendi safari ndefu kwenye foleni ya magari. Nilikuwa nimesoma kwamba watu wengine huzining'iniza darubini za namna hii kwa kamba za mpira, na nikamweleza kaka. Alikwenda Changamwe kwa fundi wa mawe anayetengeneza meza za majiko ya watu, akarudi na kipande cha jiwe kilichobaki kwenye jiko la nyumba fulani ya Nyali, kizito, kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Fundi wa kuchomea vyuma wa Magongo akatutengenezea fremu ndefu ya miguu minne. Kamba tulizotumia ni zile za mpira zenye kulabu, ambazo vijana wa bodaboda hufungia mizigo. Tulilining'iniza jiwe kwenye fremu, tukaipandisha darubini juu ya jiwe, na mkuu wetu alipoingia akaiona darubini ya ughaibuni inaning'inia kama mtoto kwenye bembea, aligeuka akarudi ofisini kwake.

Lakini sindano ilipoteremka, matundu yakaonekana. Yalijipanga kwenye kompyuta safu kwa safu, meusi, duara kamili, na lori likapita nje na hayakutikisika. Kaka aliketi chini sakafuni pale pale. Mimi nilimfuata mkuu ofisini kwake nikamwomba aje, akaja, akainama akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba maisha yake yote hajapata kuona kazi ya kamba za bodaboda yenye heshima kama ile.

Huo ulikuwa ushindi wetu wa kwanza, na ulitupa kiburi kidogo. Wiki iliyofuata tukaanza kutandaza utando.

Damu ilitoka kliniki. Kamati ya maadili ilikuwa imetupa ruhusa, na muuguzi wa kliniki aliwaeleza wagonjwa ambao ni watu wazima na watu wasio na ugonjwa kazi tunayotaka kuifanya, na anayekubali ndiye aliyetolewa damu. Mdogo wangu alikubali kabla muuguzi hajamaliza kueleza. Aliniambia kwamba damu yake imemtesa bure kwa miaka mingi, sasa na ifanye kazi.

Niliosha seli, nikazituliza kwenye kisahani, nikapiga mchirizi wangu, na kaka akateremsha sindano. Utando ulikuwepo. Tuliuona kwenye sehemu ngumu za kisahani, umelala vizuri, kingo zake wazi. Lakini juu ya kila tundu ulikuwa umepasuka. Ulifanana na chandarua kilichopitiwa na panya. Nikadhani nimepiga mchirizi kwa nguvu sana. Nikarudia kwa upole zaidi, ukapasuka. Nikabadilisha gundi, ukapasuka. Nikashuku chumvi, nikatengeneza maji mapya ya chumvi kwa vipimo vile vile vya ughaibuni, nikayahifadhi kwenye friji kama nilivyofundishwa, maana kwa joto letu maji yale hayachukui muda kuota ukungu. Utando ukapasuka. Tulijaribu damu ya watu wasio na ugonjwa, ambayo utando wake ni laini, na wenyewe ukapasuka vile vile.

Ilikuwa ajabu ya kuudhi. Kule chuoni, watu ambao hawakuniamini hata kuandaa chai waliniona nikitandaza utando mzuri siku baada ya siku. Hapa, kwetu, sikuweza hata mmoja. Barua pepe ikaja kwamba wageni wamekwisha kukata tiketi. Mwalimu wangu wa zamani alinishauri kwa upole kwamba pengine hali ya hewa ya pwani haifai kwa kazi laini kama ile, na kwamba hakuna aibu kukiri hivyo. Nilimjibu kwa adabu, nikafunga kompyuta, nikaenda kumwambia mkuu wetu kwamba tutaendelea. Aliniuliza kama nina jambo jipya la kujaribu. Nikasema sina. Akasema basi nijaribu yale ya zamani kwa utulivu zaidi, kwa sababu mtu akishakasirika hawezi tena kuona.

Jumamosi hiyo nilikwenda Likoni kwa mama. Siku hizi sihitaji kungoja feri, nazunguka kwa barabara mpya ya Dongo Kundu, na kabla ya adhuhuri nilikuwa barazani. Nilimwamkia mama, akaitikia marahaba yake ndefu, akaniambia nimekonda. Mdogo wangu alikuwa ametandika mkeka na kusahihisha madaftari ya watoto wake. Afya yake ilikuwa nzuri mwezi ule. Mama alituletea biriani, na juisi ya ukwaju yenye barafu kwangu, na kwa mdogo wangu kikombe chake cha maji ya uvuguvugu.

Aliniuliza damu yake inaendeleaje, kama mtu anavyomuulizia jamaa aliyelazwa. Nikamweleza yote. Nilimwonyesha kwa kitambaa cha meza na bakuli jinsi utando unavyotakiwa kulala juu ya tundu, na jinsi unavyopasuka. Alisikiliza kwa makini ya kiualimu, akinikatiza pale asipoelewa. Nilipofika kwenye maji ya chumvi, akaniuliza yanatoka wapi, nikasema yanatoka kwenye friji.

Aliweka kalamu yake chini.

"Dada," akasema, "damu yangu mnaipiga maji ya baridi?"

Nikamwambia kwamba si jambo la kumtia wasiwasi. Seli zilizo nje ya mwili haziumwi, na baridi aliyokuwa akiiogopa yeye maisha yake yote inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa, kwenye mishipa iliyo hai. Nilimweleza kwa upendo lakini nilimweleza kama daktari anavyomweleza mgonjwa. Yeye akatikisa kichwa.

"Mimi sijui mishipa. Nauliza tu, kule Ulaya pia ilikuwa ni maji ya friji?"

Nikafungua mdomo kusema ndiyo, kisha nikakikumbuka chumba cha kule. Haikuwa hivyo. Maagizo yalisema maji yahifadhiwe kwenye friji, na sisi sote tuliyahifadhi. Lakini kule chumba chenyewe kilikuwa cha baridi, hakuna aliyeogopa ukungu, na kila mtu alikuwa akiitoa chupa yake asubuhi na kuiacha mezani mpaka zamu yake ya darubini ifike. Maji yalikuwa yamekwisha kulingana na chumba. Jambo hilo halikuandikwa popote, kwa sababu hakuna aliyelifanya kwa kukusudia. Mimi hapa, kwa kuyaonea huruma maji yangu kwenye joto la Port Reitz, nilikuwa nayatoa kwenye friji na kuyamwaga pale pale juu ya kisahani chenye joto la chumba chetu.

Hofu ya mdogo wangu haikuwa na uhusiano na jibu. Baridi haikuumiza utando wake. Lakini maji baridi hubeba hewa nyingi ndani yake kuliko maji yaliyopata joto, na yakipata joto ghafla hewa hiyo hutoka, na hutokea hasa penye vitobo na mikwaruzo. Na mimi nilikuwa nayamwaga juu ya kitu kilichotobolewa matundu kila mahali. Kama nilikuwa sahihi, basi kila tundu lilikuwa linatoa kipovu chake chini ya utando, kikivimba, kikiusukuma kutoka chini mpaka upasuke. Mchirizi wangu haukuwa na kosa, wala gundi, wala hali ya hewa ya pwani.

Nilimkumbatia mdogo wangu mpaka madaftari yakamwagika. Mama akauliza kumetokea nini. Mdogo wangu akamwambia kwamba hata yeye hajui, lakini inaelekea damu yake imesikilizwa.

Jumatatu asubuhi nilimwambia kaka kabla hata ya salamu kwisha. Alichukua kioo kitupu, akakiweka chini ya darubini ya kawaida, ile ya kuchungulia kwa jicho, na mimi nikadondosha maji ya chumvi kutoka friji. Tukachungulia kwa zamu. Mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha, polepole, vikaanza kujitokeza vidoti vyeusi vyenye mng'aro katikati, kimoja hapa, kingine pale kwenye mkwaruzo, vikikua mbele ya macho yetu. Kaka alinyanyua kichwa akasema tumekuwa tukizipulizia seli za watu puto.

Tukaitoa chupa kwenye friji, tukaiacha mezani mpaka ikawa na joto la chumba. Tukaiunganisha na pampu ya kunyonya hewa, na maji yakafoka vipovu ndani ya chupa bila moto, mpaka yakatulia, hayana la kutoa tena. Kisahani tukakilowesha kwanza kwa spiriti, ambayo hupenya kila kitundu kwa urahisi na kuifukuza hewa iliyojificha humo, kisha tukaiondoa spiriti kwa maji yetu mapya, kidogo kidogo, bila kukiacha kisahani kikauke hata mara moja. Nikadondosha seli. Nikangoja zitue. Nikashika bomba, nikaliinamisha, nikapiga mchirizi.

Sindano ile huchora mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, na picha moja huchukua muda wa mtu kunywa chai. Mstari wa kwanza ulitokea, wa pili, wa tatu, na ukingo wa utando ukaanza kuonekana, umepinda vizuri. Tulijua kwamba matundu ya kwanza yapo mistari michache chini. Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia anapumua.

Safu ya kwanza ya matundu ilifika, na haikuwa nyeusi. Pale ambapo siku zote tulikuwa tukiona shimo, palikuwa na kibonyeo kidogo tu, laini, mfano wa shavu la mtoto anapotabasamu. Tundu la pili vile vile. La tatu vile vile. Mistari ikaendelea kushuka, na utando ulikuwa mzima juu ya yote, umetandazwa kutoka ukingo hadi ukingo, na chini yake matundu yamejipanga kama yanayoonekana kupitia kitambaa chepesi.

Sikupiga kelele. Nililia, machozi ya kawaida tu, yakidondoka kwenye koti la maabara, na nikamsogeza kaka akae kwenye kiti ili aibonyeze yeye sindano kwa mara ya kwanza katikati ya tundu, maana ni yeye aliyeining'iniza darubini ile kwa mikono yake. Aliishusha. Utando ukabonyea, ukasukuma nyuma, na kwenye kompyuta ukatokea mstari unaopanda kwa uzuri ambao siwezi kuueleza kwa mtu asiyeungojea. Akaiinua sindano. Utando ukarudi mahali pake. Haukupasuka.

Mkuu wetu alikuja. Aliomba tumwonyeshe tena, tukamwonyesha. Akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ya chini, kisha akakaa nasi mchana mzima, akiwaacha watu wamngoje mezani kwake.

Tulirudia kazi ile siku baada ya siku, tukihofia kwamba ni bahati. Haikuwa bahati. Utando wa damu yenye afya ulikaa, na utando wa selimundu ukakaa, na tulipozibonyeza tando zile mbili kwa namna moja, tofauti ilionekana waziwazi. Ule wa pili ulikuwa mkaidi. Ulibonyea kidogo, na ulihitaji kusukumwa kwa nguvu zaidi. Si jambo ambalo dunia ilikuwa hailijui, wengine walikwisha kulipima kwa njia nyingine. Lakini tulilipima wenyewe, kwa damu ya watu wetu, juu ya jiwe la jiko la Nyali, na malori yakipita.

Wageni walifika wakati wa mvua, wakiongozwa na mwalimu wangu wa zamani. Waliingia maabara, wakaona fremu, wakaona kamba za mpira, na nikaona wanavyotazamana. Mwalimu wangu akaniuliza kwa lugha yao kama darubini iko salama pale. Nikamwomba akae. Sikutoa hotuba niliyoiandaa. Nilichukua kisahani kipya, nikaiandaa kazi yote mbele yao tangu mwanzo, kwa utulivu, mikono yangu ikijua kila hatua, na kaka akateremsha sindano. Picha ilipoanza kujichora, ndege kubwa ikashuka juu ya paa letu kwa ngurumo, na mmoja wa wageni akashika ukingo wa meza. Mistari haikutikisika. Utando ukatokea mzima juu ya matundu yake.

Mwalimu wangu alitazama mpaka mstari wa mwisho. Kisha akaniuliza nilifanya nini kwenye maji, kwa sababu wanafunzi wake wapya, tangu walipohamia jengo jipya lenye joto la kuunguza wakati wa kiangazi, walikuwa wakilalamika kwamba tando zao zinapasuka na hakuna aliyejua kwa nini. Nilimweleza kuhusu friji na vipovu. Akatoa simu yake akaandika. Mkuu wetu, ambaye lugha ile haielewi, alinitazama mimi na kumtazama mgeni anayeandika, akaelewa. Darubini haikurudi kwenye sanduku. Sanduku lenyewe kaka aliligeuza kuwa kabati la vioo.

Mdogo wangu alikuja wakati wa likizo ya shule. Nilimkalisha mbele ya kompyuta nikamwonyesha utando uliotoka kwenye damu yake, maana ruhusa ya kuonyeshwa chake mwenyewe aliiomba kwa kamati na akapewa. Aliusogelea akautazama. Nilidhani atauliza habari za ugumu wake, nikajiandaa kumjibu kwa upole. Badala yake alisema kwamba ni mzuri, kwamba hakuwahi kufikiria kuwa ndani yake kuna kitu kizuri namna ile, na akaomba nimpigie picha akiwa amekaa kando yake.

Baadaye wazazi wenye watoto wa selimundu, ambao hukutana kila mwezi Likoni kwenye ukumbi wa jamii, walinialika niwaeleze kazi yetu. Ukumbi ulijaa, kina mama wa buibui na kina mama wa leso waliotoka bara ya Kwale, kina baba wachache kando ya mlango, watoto wakitambaa baina ya viti. Nilizungumza Kiswahili tupu. Niliwaonyesha ukutani picha ya utando wa damu yenye afya, kisha wa selimundu, kisha mstari wa sindano inavyobonyeza wa kwanza na inavyobonyeza wa pili. Niliwaambia ukweli kwamba hii si dawa. Ni njia ya kupima, na njia ya kupima ndiyo itakayotuonyesha dawa ipi inaulainisha utando na ipi hailainishi, na sasa tunaweza kuipima hapa hapa, bila kuipeleka damu yao ng'ambo.

Baba mmoja, mpakiaji mizigo wa bandarini kwa jinsi alivyojitambulisha, aliinua mkono. Alisema mtoto wake ana miaka sita, na kwa miaka yote hiyo watu wamemwambia mambo mengi kuhusu ugonjwa ule, mengine ya laana, mengine ya kijicho, mengine ya maneno ya hospitali ambayo hakuyaelewa. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuuona.

"Nilikuwa nadhani ni kitu cha kutisha," akasema. "Kumbe ni ngozi tu, imechoka. Nionyeshe tena, dada."

Nikairudisha picha ukutani. Akatoka pale mlangoni, akapita baina ya viti akiwa amembeba mtoto wake begani, akasogea mpaka karibu kabisa na ukuta, na wengine wakaanza kuinuka nyuma yake wakaja kutazama.